Mimi, Scarpelli wa Piano

Jumatatu, 14 Aprili 1828. Vienna.

Sijalala. Sidhani kama nitalala tena. Jana mchana nilimsikia Bwana Scarpelli akipiga fidla, na maisha yangu ya nyuma nimeyafuta yote.

Nilisimama nyuma ya nguzo, nikabanwa mpaka kifungo cha koti kikaruka. Haidhuru! Yule Mtaliano alitusubirisha weee, mpaka watu wakaanza kutoa kilio cha hamu, ndipo akatoka. Nguo nyeusi tupu mwilini, uso mweupe kama mgonjwa, mwembamba kama ufito. Kisha konserto. Okestra nzima upande mmoja, fidla moja upande wa pili, na fidla ikashinda. Katikati ya vurumai uzi wa kwanza ukakatika. Ping! Watu wakashika vifua. Wa pili ukakatika. Wa tatu! Akabaki na uzi mmoja, akaendelea kupiga kana kwamba zile nyingine zilikuwa zinamsumbua tu. Na mwishoni kengele ndogo ikalia ndani ya okestra, ti! Fidla ikaijibu juu kabisa, ti! Mama mmoja mbele yangu alizimia. Mumewe akamwacha pale pale chini asije akakosa kusikia.

Nililia. Thaddäus Wurmb, aliyekuwa nyuma ya nguzo ya pili, alilia kwa sauti kubwa zaidi ili aonekane. Huyo ndiye Wurmb. Tumesoma kwa mwalimu mmoja, na hata machozi lazima ashindane.

Nimeamua. Alichofanya yule kwa fidla, mimi nitakifanya kwa piano. Kurukaruka kwake, kengele yake, nyuzi zake, vyote. Hakuna mtu aliyewahi kuwaza jambo hili. (Njiani kurudi Wurmb aliniambia amewaza jambo hilo hilo. Mwizi!)

Na wakati wenyewe ndio huu. Jumapili ya tarehe 27 Fundi Stadlbauer, mtengenezaji wa piano, anafungua ukumbi wake ili tupige mimi na Wurmb mbele ya wateja wake. Atakayependeza ndiye atakuwa mpigaji wa nyumba: atasafiri na piano za Fundi mpaka Prague na Pest, atapiga, atashangiliwa. Baba yangu anakuja kutoka Linz kushuhudia. Amesema wazi. Nikipata kazi, nibaki Vienna. Nikikosa, narudi naye kukoroga sabuni. Baba ana kiwanda cha sabuni na mishumaa, nami nimekulia humo. Anayetaka kujua harufu ya mafuta ya ng'ombe yakichemka na majivu aniulize mimi.

Nirudi Linz? Thubutu!

Jumatano, 16 Aprili.

Nimeanza kuandika konserto kwa kumbukumbu. Nakumbuka mwanzo. Nakumbuka kengele. Nakumbuka kuzimia kwa yule mama. Katikati pana shimo.

Kurukaruka si mchezo. Mtaliano akitaka kutoka sauti ya chini kwenda ya juu anageuza kifundo cha mkono, basi. Mimi lazima mkono mzima usafiri. Leo mkono wa kushoto umesafiri ukapitiliza, ukaangusha kinara cha mshumaa, pazia likaungua pindo. Kidogo tu.

Kengele nimeipatia ufumbuzi. Nimejifunga kengele ya mbuzi kwenye goti la kulia. Nikikanyaga pedali, inalia. Inalia pia nikipumua, lakini hilo nitalirekebisha.

Mama Kratochwil, mwenye nyumba wangu, mjane wa Kicheki, akapanda ngazi na bata bukini aliyekwisha kumnyonyoa nusu, akaniuliza, "Mwanangu, unapiga muziki au unahamisha makabati?" Nikamweleza kwamba ni konserto ya fidla, imehamia kwenye piano. Akasema basi imehama na vyombo vyake vyote. Tena seremala wa majeneza anayefanya kazi chini amelalamika. Wafiwa wakija kuchagua jeneza wanashindwa kulia vizuri.

Alhamisi, 17 Aprili.

Mpango! Asubuhi Scarpelli alikuwa na mazoezi na okestra. Nikaingia kwa mlango wa wabeba mizigo, nikajificha nyuma ya ngoma kubwa. Nilitaka ile sehemu ya katikati, ambapo okestra inanyamaza na yeye peke yake anaonyesha maajabu. Nina karatasi. Nina penseli. Nimechuchumaa.

Okestra ikanyamaza. Scarpelli akainua upinde. Wanamuziki wote wakainuka vitini wachungulie. Akadonoa noti tatu kwa kidole, akatabasamu, akasema, "Na kadhalika, mabwana." Akaweka fidla chini! Kisha akazunguka mwenyewe kukusanya karatasi za kila mpigaji, asije mtu akamwibia, mpaka ya mpiga ngoma.

Ya mpiga ngoma! Ndipo aliponiona. Wala hakukasirika. Alinyoosha mkono kwa upole, akachukua karatasi yangu na yenyewe. Na penseli. Nilichokuwa nimeandika ni noti tatu na maneno "na kadhalika".

Nikitoka niliona pazia la pembeni lina viatu chini yake. Viatu vya Wurmb. Hana haya hata kidogo yule.

Jumamosi, 19 Aprili.

Nimefahamu! Si vidole. Ni uso! Watu hawamlilii Scarpelli kwa sababu ya noti. Wanamlilia kwa sababu anafanana na maiti, na kwa sababu mjini wanasema aliua mtu kwao, akafungwa, akajifundisha fidla gerezani kwa uzi mmoja uliobaki. Mimi nina mashavu mekundu ya mtoto wa muuza sabuni. Nani atazimia kwa mashavu haya?

Kwa hiyo: siki asubuhi, siki mchana, nyama marufuku. Unga wa ngano usoni. Nywele sichani. Nikaenda mkahawa wa kona, nikaketi peke yangu, nikaguna. Xaver, mhudumu, akauliza kama ni tumbo. Nikamvuta karibu nikamnong'oneza kwamba niliwahi kumchoma mtu kisu huko Linz, kisa mapenzi, nikafungwa, na gerezani nilikuwa na piano yenye noti moja nzima. Nikamwomba sana asimwambie mtu. Xaver hajaficha neno tangu azaliwe, ndiyo maana nikamchagua yeye.

Wurmb akaingia anatafuna mkate wa Scarpelli. (Waokaji sasa wanaoka mikate yenye umbo la fidla. Mji umepagawa.) Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Ignaz, umepata kazi kwa mwokaji? Hongera! Ila jifute, ndugu yangu, unga umekujaa mpaka kwenye kope." Mkahawa mzima ukacheka. Kijiba cha roho tu kinamsumbua.

Alipoondoka aliacha nusu ya mkate mezani. Niliula. Siki haishibishi.

Jumatatu, 21 Aprili.

Nilisahau jambo moja. Katika kila mkahawa wa mji huu kuna meza ya mtu anayesoma gazeti lile lile kutwa nzima bila kugeuza ukurasa. Kila mtu anamjua. Anawasikilizia polisi.

Asubuhi wamekuja wawili wakanichukua, mimi na karatasi zangu. Kamishna ni mtu mpole mwenye mafua. Akataka kujua niliyemchoma kisu ni nani. Nikasema hiyo ni siri ya moyo. Akauliza kama siri ya moyo ina jina na mahali inapokaa. Halafu akasema yeye mwenyewe alisimamia gereza la Linz kwa miaka, na piano haikumbuki.

Kisha akatoa karatasi zangu za konserto. Noti nyingi hivi, akauliza, zinampelekea nani habari gani? Nikasema ni fidla. Akasema mbona juu pameandikwa piano. Nikasema ni fidla, lakini kwenye piano. Akamtazama karani wake. Karani akaandika kwa muda mrefu sana.

Mwisho jasho likanitoka nikasema kweli: sijachoma mtu kisu, sijafungwa, sijafanya lolote. Wakagoma kuniamini! Ikabidi aitwe Mama Kratochwil, naye akaangua kicheko mbele ya serikali. "Huyu? Afande, huyu? Nikichinja bata tu huyu anakimbilia ghorofani kujifunika mto masikioni! Amchome nani?" Kamishna akapenga kamasi, akaniachia. Aliandika kwamba sina hatia yoyote ila majirani wanateseka.

Xaver amekwisha kuwatangazia wote. Mimi sasa ndiye mtu pekee katika Vienna aliyethibitishwa na polisi kwamba hajawahi kufanya kitu.

Alhamisi, 24 Aprili.

Chini kuna msiba mkubwa. Amefariki mkubwa wa wachinjaji wa mtaa huu, na ukoo mzima uko kwa seremala wanachagua mbao. Mama Kratochwil ameniamuru: nipige polepole au nitoke nje.

Nikafungua kengele gotini. Nikaanza ile sehemu ya pili ya konserto, ya taratibu, ambapo Scarpelli alipiga kama mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili. Kwa kuwa sikuruhusiwa kugonga, ilinibidi niubembeleze wimbo. Kidole kidogo cha kulia kikauchukua juu, mkono wa kushoto ukapanda na kushuka chini yake bila haraka, pedali ikashikilia sauti zisikatike. Na jambo la ajabu likatokea. Sauti ya piano ukishaigonga inaanza kufa, kila mtu analijua hilo. Hii haikufa. Ilivuta pumzi ikaendelea, kama fidla.

 Nilipomaliza nikawasikia wafiwa chini wanalia, tena vizuri kabisa. Nikageuka. Mama Kratochwil alikuwa mlangoni, machozi yanamdondokea bata. "Mwanangu, Jumapili wapigie hiyo. Hiyo tu, basi. Mengine yote achana nayo."

Nilimshukuru kwa adabu. Maskini, sanaa haijui. Polepole! Nani amewahi kuzimia kwa ajili ya polepole? Nimebakiza vipande vichache tu vya wimbo huo, ili wasikilizaji wapumzike kabla ya vita.

Lakini nilipoinama kuokota kengele, wazo likanipiga mpaka nikajigonga kichwa kwenye piano. Nyuzi! Mashavu, siki, kengele, vyote hivyo mbio za bure! Scarpelli alikatikiwa nyuzi! Hapo ndipo yule mama alipoanza kuyumba. Na mimi zangu zitakatika.

Kesho nanunua tupa.

Jumamosi, 26 Aprili.

Imekwisha. 

Mafundi wa Stadlbauer mchana hutoka wote kwenda kunywa supu. Nikaingia kwa kisingizio cha kuizoea piano ya kesho. Ni mpya, ya mti wa mjozi, Fundi anaipenda kuliko wanawe. Nikainua kifuniko. Noti nilikuwa nimezichagua kwa akili nyingi: zile ambazo muziki wangu hauzigusi kabisa mpaka ule mshindo mkubwa karibu na mwisho, ninapoziangukia kwa mikono yote miwili. Nikazikwaruza nyuzi zake kwa tupa, moja baada ya moja, mpaka zikabaki nyembamba kama unywele. Kesho: bum! Ping! Ping! Ping! Ukumbi utapiga ukelele. Na mimi, mtulivu, nitamalizia kwa noti zilizobaki, nikitabasamu kidogo upande mmoja wa mdomo. Scarpelli wa piano! Nimelifanyia mazoezi tabasamu kwenye kioo.

Ghafla Fundi Stadlbauer huyo, leso ya supu bado shingoni. Tupa nikaisukumia ndani ya mkono wa koti. Akauliza kichwa changu kinatafuta nini ndani ya piano yake. Nikasema nanusa ubao.

Akafurahi! Akaja akaingiza kichwa na yeye. Tukasimama pale, tumeinama, tunanusa pamoja, ananieleza mti ulikatwa mlima gani na ulikaushwa vipi, na kwamba vijana wa siku hizi hawajali, wanagonga tu. Akanipiga bega. Roho iliniuma kidogo. Ikapita.

Baba anafika kesho na gari la asubuhi.

Jumapili, 27 Aprili.

Mungu wangu. Mungu wangu!

Niandike kwa utaratibu. Baba amefika, amenikumbatia, ananuka Linz. Ndani ya furushi lake amekuja na aproni yangu ya ngozi, ile ya kazini. Akasema ameileta tu, kama itahitajika. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nikamtanguliza ukumbini. Mimi mwenyewe nikabaki mkahawa wa ng'ambo ya barabara, kwa makusudi. Scarpelli huwasubirisha watu. Msanii mkubwa hafiki kwa wakati, anayefika kwa wakati ni muuza maziwa. Nikaagiza keki. Kupitia dirisha niliwaona wakiingia, mabibi kwa mabwana. Waache waive, nikajisemea. Nikaagiza keki ya pili.

Navuka barabara, nasikia piano. Nikadhani wananijaribia. Nafungua mlango: Wurmb! Kumbe Fundi alichoka kunisubiri, hasira zikampanda, akamwambia Wurmb atangulie. Kwenye piano yangu! Kwenye nyuzi zangu!

Alikuwa anapiga dansi zake zile zile ambazo hata kasuku wa shangazi yake anazijua. Nilitaka kupaza sauti, asimame. Sasa ningesema nini? Nikabaki mlangoni, makombo ya keki mdomoni. Akafika mahali pa nguvu. Akainua mikono. Akaiangusha.

Ping.

Wurmb mwenyewe aliruka kitini. Ping! Ping! Uzi mmoja ukachomoka ukajikunja hewani. Mama mmoja akapiga ukelele. Na yule mjinga, kwa woga, badala ya kuacha akazidi kugonga, ping, ping, ping, watu wakapanda juu ya viti. "Anaivunja! Jamani, anaivunja! Tazameni moto huo!" Walizimia wawili. Wawili! Mabibi wakagombania vipande vya nyuzi wavifanye bangili. Baba yangu, ambaye sijawahi kumwona akishangilia kitu, alikuwa wima anapiga makofi. Akanigeukia, macho yanamwaka: "Ignaz! Huyu kijana ana mikono ya kukoroga sabuni!" Kwa Baba hakuna sifa inayozidi hiyo.

Kisha mimi. Nikaketi. Mshindo wangu mkubwa haukuwepo tena, noti zake zote zilikuwa mikononi mwa mabibi. Nikapiga kwa nguvu hivyo hivyo. Hakikukatika kitu. Nikapiga kwa nguvu zaidi. Wapi! Stadlbauer anatengeneza piano imara, laana. Mtu wa safu ya nyuma akauliza, "Na huyu anavunja saa ngapi?" Kengele, niliyokuwa nimejifunga tena asubuhi, ikafunguka gotini, ikabingirika mpaka miguuni pa Wurmb, naye akaniokotea kwa heshima nyingi, shetani mkubwa.

Nguvu zikaniishia. Nikapiga ile sehemu ya polepole kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kupiga. Niliipiga yote. Sikumtazama mtu, sikutabasamu upande wowote. Nilipomaliza wakapiga makofi machache ya adabu, wakarudi kumzunguka Wurmb wamguse vidole.

 Aproni ipo juu ya kiti changu.

Jumatatu, 28 Aprili.

Asubuhi Fundi Stadlbauer alituita karakanani, mimi na Wurmb. Baba akaja nami, gari la Linz lilikuwa la mchana. Alikuja na furushi lake, na aproni mkononi.

Fundi alikuwa mwekundu kama nyanya. Mezani palikuwa na kipande cha uzi. Akasema nyuzi zake hazikatiki hivi hivi, hata akae ng'ombe juu yake. Hizi zimepigwa tupa. Kuna mtu ameihujumu piano yake, na yeye si mtoto, anajua ni nani. Ni yule aliyefaidika. Akamgeukia Wurmb. Akamwita tapeli, mchekeshaji wa gulioni, akamwambia atoke na asikanyage tena pale. Wurmb akaangua kilio, safari hii cha kweli, anaapa kwa jina la mama yake hajui tupa wala nini.

Nami nimesimama kimya. Nafsi yangu inaimba.

Kisha Fundi akanigeukia mimi, na sauti yake ikashuka. Akasema jana, katika ule wimbo wa polepole, alisikia piano yake ikiimba kama fidla. Akasema tangu ashike randa kwa mara ya kwanza alikuwa anangoja kusikia sauti ile, na jana alisimama nyuma ya mlango akalia. Kazi ni yangu. Prague, Pest, popote. Akaninyooshea mkono.

Baba akaanza kuikunja aproni airudishe ndani ya furushi. Alikuwa anatabasamu. Nilikuwa sijui kwamba Baba ana pengo upande wa kushoto.

Nilichotakiwa kufanya ni kuupokea ule mkono. Kuupokea, na kunyamaza. Mtoto mchanga angeweza.

Lakini Wurmb, yule nyoka, katikati ya kwikwi zake akasema, "Sawa, Fundi, nifukuze. Tupa ipo, tupa haipo, mji mzima tangu jana unaniita Scarpelli wa piano. Hilo huwezi kuniondolea."

Scarpelli wa piano! JINA LANGU! Damu ikanipanda kichwani. Nikamwambia ebo, wewe? Wewe unajua nini? Nani aliwaza nyuzi? Nani alichagua noti kwa akili? Nani aliinama akazikwaruza moja moja mpaka zikawa kama unywele, wewe ukaja tu kuziangukia kama gunia la viazi? Ni mimi! Nyuzi zile kazi yangu! Makofi yale yangu! Waliozimia, wote wawili, wangu! Nikaichomoa tupa mfukoni, nilikuwa bado natembea nayo, nikaibwaga mezani waione.

Wote wakaikodolea macho. Kwa muda mfupi nilijisikia vizuri sana.

Kisha Fundi Stadlbauer akaurudisha mkono wake. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akasema tu, "Na tulinusa ubao pamoja."

Baba akaikunjua aproni.

Kazi amepewa Wurmb. Ameombwa na radhi.

Jumapili, 18 Mei. Linz.

Sabuni. Sabuni. Sabuni. Nakoroga, nanuka, nalala. Mashavu yamerudi kuwa mekundu, mvuke haunionei huruma.

Jioni napiga ile sehemu ya polepole kwenye piano kuukuu ya shangazi yangu, kwa kujituliza tu. Wafanyakazi wa Baba wameanza kuja kusimama dirishani, kofia mkononi. Jana Baba naye alikuja. Alikaa mpaka mwisho, akajifuta uso kwa kiganja, akasema, "Ignaz, huo wimbo usiuache." Kila mtu ana ushauri wake.

Wurmb alipita hapa Ijumaa, gari lao lilikuwa linabadilisha farasi. Amekonda. Prague hakikukatika kitu. Wala popote pengine. Watu wanakaa wanangoja avunje, wakiona havunji wanazomea. Akanivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini tupa yangu niliinunua kwa nani. Nikampa mgongo. Jibu atalipata kaburini.

Na sasa habari kubwa! Jumapili ijayo ni Pentekoste, na Askofu ameomba nipige mbele ya wageni wake. Anatafuta mwalimu wa muziki wa kanisa kuu. Nyumba, chakula, na hakuna kukoroga chochote. Baba amekubali: nikiipata kazi hiyo, aproni ataichoma mwenyewe. Mjumbe wa Askofu alisema bwana wake alipita chini ya dirisha letu jioni moja, na kwamba anatamani sana kusikia tena ule wimbo wa polepole.

Basi leo nimeketi nikajihoji kwa unyofu, bila kujipendelea. Nilikosea wapi Vienna? Nimelipekua jambo lote, mwanzo mpaka mwisho, na kosa langu nimeliona. Ilikuwa ile keki ya pili.

Kwa hiyo Pentekoste nitafika mapema kuliko wote. Tupa mpya nimekwisha kununua, na piano ya Askofu, nimechungulia, haina kufuli.